Njia ya msituni na njia ya kando ya maji: mabango yanasema zote ni kilomita 5, saa inakataa. Nani mwongo?

#1 Mguu wa Kuazima
Wakuu, salaam.

Hifadhi ninayokimbilia ina njia mbili za mzunguko zinazoanzia sehemu moja. Moja inapita msituni: inapanda, inashuka, inajipinda kati ya miti, inavuka kijito kwenye kidaraja cha mbao na kurudi. Nyingine inafuata mto, inaingia kwenye mfereji wa zamani, inazunguka bwawa. Bango la kila njia limeandikwa kilomita 5.

Saa yangu ya GPS msituni inanipa 4.7, ikijitahidi 4.72. Kando ya maji inatoa 5.05 mpaka 5.1. Kwa saa, basi, msitu ndio mfupi. Sasa ajabu ni kwamba msituni natumia dakika 33 na ushee, kando ya maji 28, na mapigo ya moyo yanakuwa juu zaidi kwenye hiyo hiyo "fupi".

Bango, saa au miguu? Na tafadhali msiniambie "kimbia tu ufurahie", hiyo nimeshaambiwa nyumbani.

#2 Siti ya Mbele
Nimeshakaa. Wataalamu waje.

#3 Fundi Saa
Mshtakiwa namba moja ni saa. Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 hivi juu ya ardhi, na mawimbi yake yakitufikia huku chini yamebaki kuwa dhaifu mno. Majani yamejaa maji, na maji hunyonya mawimbi ya aina hiyo. Shina nene huyaziba au kuyageuza, kwa hiyo saa inapokea wimbi lililozunguka na kulihesabu kana kwamba limekuja moja kwa moja. Matokeo yake unapata nukta iliyo mita kadhaa nje ya njia.

Hapo inaingia programu. Ikiona nukta zinarukaruka, inazilainisha. Njia ikiwa imenyooka hakuna tatizo, lakini penye kona nyingi inazikata zote. Angalia pia kama saa inarekodi kila sekunde au umeiweka kwenye ule mpango wa kubana betri. Ule unaruka sekunde kadhaa, kisha unaunganisha alama mbili kwa mstari ulionyooka. Njia inajipinda kama nyoka, wewe unapewa fimbo.

Kando ya mto mambo ni kinyume. Njia imenyooka, nukta zinayumba kidogo kushoto na kulia, na kila kuyumba kunaongeza vijimita. Ndiyo hiyo 5.05 yako.

#4 Mpimaji
Fundi anaishtaki saa kwa ushahidi wa bango. Bango nalo alilipima nani?

Mbio rasmi za barabarani hupimwa kwa baiskeli iliyofungwa kihesabio cha mizunguko ya gurudumu. Kwanza baiskeli yenyewe inasawazishwa kwenye kipande cha barabara kilichopimwa kwa uhakika, kisha mpimaji anafuata mstari mfupi kuliko yote ambao mkimbiaji angeweza kuufuata, sentimita 30 kutoka ukingo wa barabara kwenye kona. Juu ya hapo wanaongeza mita 1 kwa kila kilomita, kwa tahadhari tu. Kwa marathoni ya kilomita 42.195 hiyo ni mita 42 za bure.

Njia za hifadhi hazifanyiwi hivyo. Mara nyingi mtu amefuata mstari kwenye ramani akiwa amekaa kwenye kiti, akapata 4.6 au 5.3, akaona 5 inapendeza kwenye mbao. Bango lile liliwekwa kwa ajili ya familia inayotembea na mtoto na mbwa, si kwa ajili yako na dakika zako.

#5 Tope la Jana
Kwa hiyo tumpeleke bwana misitu na baiskeli ya kupimia? Ataanguka kwenye mzizi wa kwanza, kihesabio kisome mizunguko ya gurudumu lililo hewani.

#6 Mama Raba
Nyie wanaume mnabishana umbali wakati mwenzenu ameuliza kwa nini anachoka. Jibu liko chini ya nyayo. Mchanga, kwa mfano, ulishapimwa: kukimbia juu yake kunatumia nguvu mara 1.6 ya zile za ardhi ngumu. Sasa msituni una majani yaliyooza, tope, udongo uliolainishwa na mvua. Kila unapojisukuma, ardhi inakula sehemu ya nguvu yako.

Siku nyingine ukipita baada ya mvua, simama uangalie alama za raba zako. Kando ya mfereji utaona unyayo mzima umechapwa vizuri. Msituni utaona kidole kimezama, kisigino hakipo, na pembeni mkwaruzo mahali mguu ulipoteleza. Ule mkwaruzo ni nguvu uliyolipia na haikukupeleka popote.

#7 Pumzi Mbili
Shikamoo Mama Raba. Takwimu ya mchanga ni sahihi, ila mchanga si msitu. Sakafu ya msitu iliyokanyagwa na watu miaka na miaka ni ngumu kuliko tunavyodhani. Pia mwili una ujanja wake: ukikanyaga palaini, mguu wenyewe unakaza zaidi ili mwendo wa kiwiliwili ubaki karibu uleule. Ulaini peke yake haumalizi dakika 5.

Kinachogharimu ni kutokulingana kwa ardhi. Kulifanyika utafiti wa maabara wa watu wanaokimbia juu ya mkanda uliowekwa vibao vya vimo tofauti, vifupi tu, vya sentimita chache. Matumizi ya nguvu yalipanda kwa asilimia 5 hivi. Ongeza kuinua miguu juu ya mizizi, kupunguza mwendo kila kona na kuuanzisha upya.

#8 Mama Raba
Marahaba. Asilimia 5 ya dakika 28 haifiki hata dakika moja na nusu. Zilizobaki umezipeleka wapi?

#9 Kona Kali
Zilizobaki ni kona! Ukikimbia upande wa nje wa njia, mita moja tu kutoka katikati, kwenye njia yenye kona nyingi unaongeza mita mia mbili, tatu, bila kujua. Saa haioni, miguu inaona.

#10 Mpimaji
Kona Kali, hesabu yako imepitiliza. Ukizunguka duara kamili ukiwa mita 1 nje ya mstari, unaongeza mita 6.28, basi. Duara liwe dogo la bustani au kubwa la kuzunguka bwawa, nyongeza ni ileile. Na kwenye njia inayojipinda huku na huku, ukibaki upande mmoja, unachopoteza kwenye kona ya kushoto unakirudisha kwenye kona ya kulia. Ili ufikishe mita 300 inabidi uchague upande wa nje kwa makusudi kwenye kila kona, na ziwe kona za kutosha kukutia kizunguzungu.

#11 Tope la Jana
Kona Kali amekatwa kona.

#12 Kona Kali
Mnaonea. Mimi mizizi huwa naizungukia kwa nje, na iko kila mahali.

#13 Mzee wa Mfereji
Vijana, hamjataja mlima. Njia ya kando ya mfereji ni tambarare kwa sababu ya maji yenyewe. Wachimbaji wa mifereji walifuata mahali ambapo kimo cha ardhi hakibadiliki, maana maji hayakai kwenye mteremko. Palipolazimu kupanda walijenga malango ya maji, mashua ikapandishwa kama mtu anayepanda ngazi. Na njia ya pembeni ilikuwa ya farasi wanaovuta mashua, kwa hiyo hata penye malango mpando ni mfupi, kisha unarudi kwenye tambarare.

Msitu wa zamani kwa upande wake mara nyingi umebaki palepale palipowashinda wakulima: kwenye miteremko. Mahali tambarare palishalimwa zamani. Ndiyo maana ukiambiwa "njia ya msituni" karibu kila mara unaambiwa "mlima" bila kuambiwa.

Kuna kanuni ya mwaka 1892 ya Mskoti mmoja, Naismith: saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Mita 10 za kupanda ni dakika 1. Mleta mada apige hesabu.

#14 Pumzi Mbili
Mzee, kanuni ya Naismith ni ya wanaotembea milimani, na haikati chochote kwa kushuka. Mkimbiaji akipanda mita 10 hapotezi dakika nzima. Ila nakubali kwamba kupanda kunaingia kwenye hesabu, na anachopoteza akipanda harudishiwi chote akishuka, hasa mteremko ukiwa na mizizi na inabidi ajishikilie breki.

#15 Mguu wa Kuazima
Asanteni wote. Sasa hapo kwenye milima mmenigusa. Saa inasema nimepanda mita 62 msituni na mita 58 kando ya maji. Mita 58 za kuzunguka bwawa, nimezipandia wapi?

#16 Fundi Saa
Hapo ndipo saa inajishtaki yenyewe. Kama haina baromita, kimo inakipata kwa setilaiti, na kwa setilaiti kosa la juu na chini ni kubwa kuliko la kushoto na kulia. Kinayumba mita mbili juu, mita mbili chini, na programu inajumlisha zile za juu. Kimyakimya unajengewa mlima.

Kama ina baromita, inasoma mgandamizo wa hewa. Karibu na usawa wa bahari badiliko la hektopaskali 1, kipimo cha mgandamizo huo, ni kama mita 8 za kimo, kwa hiyo hali ya hewa ikigeuka wakati unakimbia, saa inadhani umepanda au umeshuka. Angalia ubavuni mwa saa utaona vitundu vidogo. Ndiyo njia ya hewa. Jasho likikauka humo, au tope, baromita inasoma hadithi. Suuza kwa maji safi na uache ikauke. Usichokonoe kwa sindano.

#17 Siti ya Mbele
Kumbe vile vitundu! Mimi nilidhani ni spika.

#18 Jua la Saa Sita
Mnasahau joto. Kando ya maji uko juani lakini kuna upepo, jasho linakauka, mwili unapoa. Msituni hewa imetulia, ina unyevu, jasho linadondoka tu bila kukauka. Jasho lisilokauka halikupoozi. Moyo unapandisha mapigo ili kupeleka damu kwenye ngozi. Ndiyo mapigo ya juu ya mleta mada.

#19 Kivuli
Pinzani kidogo. Kivulini hupigwi na jua moja kwa moja, na joto la jua mwilini ni mzigo mkubwa kuliko mnavyoupa. Siku ya jua kali mimi msituni napumua, kando ya maji naungua kutoka juu na mwanga unanirudia kutoka kwenye maji. Hoja ya unyevu ingekuwa na uzito kama anakimbia siku za mawingu.

Na upepo wa mtoni si zawadi. Unapita kwenye uwazi wa mto kwa kasi, ukiupokea usoni unakugharimu kuliko unavyokusaidia ukiwa mgongoni. Kwenda na kurudi hakulipani.

#20 Jua la Saa Sita
Basi kama upepo unagharimu na jua linachoma, kwa nini yeye ni mwepesi zaidi huko huko? Umenisaidia kumpinga nani?

#21 Kivuli
Nimekupinga wewe. Mleta mada atafute wakili wake.

#22 Macho Mbele
Hakuna aliyetaja macho. Miti ikiwa karibu inapita kwa kasi pembeni ya macho na unahisi unakimbia mno. Kando ya bwawa ng'ambo iko mbali, haisogei, unahisi umesimama. Watu wengi huongeza mwendo kando ya maji na kuupunguza msituni bila kujua, kwa sababu wanafuata hisia.

Kingine: msituni unaangalia hatua mbili tatu mbele, kichwa kimeinama, mabega yamekaza. Jaribu kuinua macho uangalie mita kumi mbele, miguu itatafuta nafasi yenyewe. Kwa njia isiyo na mizizi mikubwa lakini, msije mkanidai meno.

#23 Tope la Jana
Meno tuyaweke kando, mbona hamzungumzii bata bukini? Mimi rekodi yangu ya kilomita moja niliiweka kando ya bwawa, msimu wa kuatamia. Dume lilishusha shingo, likafungua mabawa, likaja. Mapigo ya moyo sikuyaangalia.

#24 Mama Raba
Ukimkuta hivyo usikimbie. Mwangalie, rudi nyuma taratibu, mpe nafasi na kiota chake. Ukimpa mgongo ndipo anakufuata.

#25 Tope la Jana
Mama, ushauri umefika. Ungefika na ule msimu ningekuwa na rekodi ya kawaida.

#26 Raba Mpya
Na waendesha baiskeli wa kwenye mfereji? Njia nyembamba, upande mmoja vichaka, upande wa pili maji. Anakuja nyuma kimya, hapigi kengele. Ukivaa spika za masikioni, acha sikio moja wazi jamani.

#27 Mzee wa Mfereji
Chini ya madaraja ndipo pabaya zaidi. Ni giza, mawe yana utelezi, na kona ni kipofu. Punguza mwendo, toa sauti.

#28 Fundi Saa
Na chini ya daraja saa inapoteza setilaiti. Ikitoka upande wa pili inaruka, unaweza kukuta umepata kasi ya farasi kwa sekunde tatu. Ukiona kasi yako bora ya maisha imetokea chini ya daraja, usiitangaze.

#29 Siti ya Mbele
Nimeangalia yangu. Sitangazi.

#30 Majani Makavu
Nirudi kwenye mada. Njia yangu ya msituni inaongezeka umbali miti ikipukutisha majani na inapungua majani yakirudi. Saa ileile, njia ileile. Mimi na Fundi Saa tuko chama kimoja.

#31 Mpimaji
Au msimu wa majani kupukutika ndio msimu wa madimbwi, na wewe unayazungukia. Umbali umeongezeka kweli. Umeona vitu viwili vikitokea pamoja ukamchagua unayempenda.

#32 Majani Makavu
Dimbwi la kuniongezea mita 100?

#33 Mpimaji
Madimbwi mengi ya mita mbili mbili. Kona Kali atakufanyia hesabu.

#34 Kona Kali
Nilijua nitarudishwa.

#35 Saa Mbili Mkononi
Mimi nina saa inayopokea masafa mawili, 1575.42 na 1176.45 MHz. Msituni mstari kwenye ramani unakaa juu ya njia vizuri, ya zamani ilikuwa inachora nje ya njia kabisa. Mleta mada anunue, tatizo limeisha.

#36 Fundi Saa
Masafa mawili yanapunguza udanganyifu wa mawimbi yaliyogonga vitu, hayauondoi. Kwenye bonde lenye miti minene na ukuta wa mwamba pembeni bado utaona maajabu. Na kununua saa hakutaelezea dakika 33.

#37 Pumzi Mbili
Kwa mleta mada: tenganisha maswali. Umbali upime kwa kitu kisichotegemea setilaiti, kile kihisio kinachofungwa kwenye raba. Kisawazishe kwanza kwenye uwanja wa mita 400, ukimbie mzunguko kwenye mstari wa ndani. Kisha kimbia njia zote mbili ukishikilia mapigo ya moyo sawa, uone muda.

#38 Mama Raba
Kihisio cha raba nacho kinakadiria kwa hatua. Hatua za msituni si za uwanjani, ni fupi na hazilingani. Umehamisha kosa kutoka mkononi ukalipeleka mguuni.

#39 Pumzi Mbili
Nimebaki na kamba tu basi.

#40 Mguu wa Kuazima
Wakuu, nimerudi na jipya. Nimekimbia msituni kwa kugeuza uelekeo. Saa imesema 4.81, na muda umepungua karibu dakika nzima. Mapigo ya moyo chini kidogo. Mizizi ni ileile, miti ileile, hewa ileile.

#41 Mzee wa Mfereji
Mlima. Upande mmoja mpando ni mkali na mteremko ni wa taratibu. Ukigeuza, unapanda taratibu na kushuka pakali. Jumla ya kupanda haibadiliki, gharama inabadilika.

#42 Mama Raba
Lakini mteremko mkali wenye mizizi huwezi kuutumia, unajishikilia breki. Kwa hesabu yako, Mzee, angechelewa, sio kuwahi. Mimi nasema tope: upande mmoja unaingia bondeni ukiwa umechoka, upande mwingine unaingia na miguu mipya.

#43 Fundi Saa
Mimi nauliza hiyo 4.81. Mkono wenye saa ukiwa upande wa bonde, mwili na kilima havizibi anga. Ukigeuza uelekeo, mkono uleule unatazama kilima. Hata hilo linabadilisha umbali.

#44 Mpimaji
Au alipita upande mwingine wa njia panda fulani. Mleta mada, fungua ramani ya hifadhi: njia iliyochorwa inavuka kijito mara ngapi?

#45 Mguu wa Kuazima
Ramani inaonyesha mara mbili. Ila kidaraja cha pili mbao zake zilishatolewa, kuna mkanda na kibao cha kukuelekeza pembeni. Sote tunapita pembeni.

#46 Mpimaji
Nashukuru.

#47 Fundi Saa
Usishukuru mapema. Pembeni kunaweza kuwa kurefu. Tena ukifika hapo baada ya mvua usijaribu kuruka kijito kukwepa mzunguko. Maji yanayokwenda kasi yakifika sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima.

#48 Raba Mpya
Na huko pembeni kuna nyasi ndefu? Kagueni miguu mkifika nyumbani, hasa nyuma ya magoti. Kupe anapenda hapo. Mshike kwa kibanio chenye ncha nyembamba, karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumnyonga wala kumpaka mafuta.

#49 Mguu wa Kuazima
Nyasi zipo, zinafika magotini. Kumbe na kupe aingie kwenye orodha ya washukiwa.

#50 Mama Raba
Nyasi za magotini zinavuta miguu kila hatua. Muda huo!

#51 Pumzi Mbili
Kipande hicho kina urefu gani?

#52 Mguu wa Kuazima
Kwa saa au kwa bango?

#53 Tope la Jana
Uzi umeanza upya. Siti ya Mbele, nisogezee kiti.